Chupa ya Mtego

4 Machi

Shemeji Fundi Saa,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Sisi wazima. Dada yako analalamika, kwa hiyo ujue naye mzima.

Nina habari kubwa nikaona usije ukaisikia kwa watu. Yule mama anayejenga nyumba ya wageni karibu na stendi alipita hapa kwangu akaliona dirisha la sebuleni. Alisimama barabarani, mtu mzima na mkoba wake, mdomo wazi. Unajua dirisha langu lilivyo saa nne asubuhi, jua likizipiga zile chupa za dawa za rangi ya asali na zile za bluu, sakafu yote inakuwa kama imemwagiwa peremende. Akabisha hodi. Akasema, mzee, hizi umezitoa wapi. Nikamwambia majalalani, na chini ya sakafu za maduka yaliyobomolewa, na nyingine kwa ndugu ya mke wangu ambaye ni fundi saa ila ana akili kidogo.

Sasa amenipa dirisha zima la chumba chake cha kulia. Rafu sita za kioo, chupa sitini. Anafungua tarehe moja Juni. Fedha nimemwambia sitaki, ninachotaka ni kibao. Ameshaniandikia kwenye karatasi nikione: "Chupa hizi zimekusanywa na kukaguliwa na", halafu jina langu. Shemeji, miaka thelathini na moja nimekaa mbele ya taa kiwandani, chupa za soda zinanipitia machoni moja moja, natoa yenye ufa, natoa yenye uchafu, natoa iliyomeguka mdomo, na hakuna palipoandikwa kwamba ni mimi. Watu walikunywa tu wakaenda zao. Safari hii itaandikwa.

Tatizo ni moja. Chupa zinaugua. Wewe hujui mambo ya kioo kwa hiyo nikueleze. Kioo cha zamani kikikaa na unyevu kinaota ukungu mweupe, ndio ugonjwa wake. Zilianza mbili tatu, sasa ni karibu zote. Nimeosha kwa sabuni, nimeosha kwa siki, nimetia mchele mkavu na maji nikatikisa mpaka bega likauma, bado. Mimi naona ni haya maji ya bomba, siku hizi wanatia dawa nyingi. Nyinyi mafundi wa saa mna tindikali ya kusafishia. Nitumie kichupa kimoja, ile kali.

Ni mimi shemeji yako,
Mzee wa Taa


13 Machi

Shemeji Mzee wa Taa,

Barua nimeipata. Hongera kwa dirisha. Hicho kibao nitakuja kukisoma mwenyewe, maana ukinisimulia wewe kitakuwa kimerefuka.

Tindikali sitakutumia. Ninayo ya kusafishia shaba, na ikikugusa mkono utaniandikia kwa mguu. Halafu siamini kwamba chupa mia mbili zinaweza kuugua pamoja kama watoto wa shule. Zimekaa dirishani kwako miaka ishirini, mahali pakavu, hazijawahi hata kupiga chafya. Nichagulie iliyo mgonjwa kuliko zote unitumie kwenye boksi, niitazame kwa lenzi.

Jambo jingine, usikasirike. Mwandiko wako umekuwa mkubwa. Zamani ulikuwa unajaza ukurasa mmoja, barua hii imekuja kurasa tano na mistari yake inapanda mlima.

Nisalimie dada.

Fundi Saa


22 Machi

Shemeji,

Naandika makubwa kwa sababu nina mambo makubwa. Niliishia darasa la nne, mwalimu alinichapa kwa sababu ya herufi ndogo, leo nachapwa na fundi saa kwa sababu ya kubwa.

Nakutumia ile ya wino, ya pembe nne. Ni mgonjwa hoi. Nimeifunga kwenye maranda ya mbao, kwa hiyo ikivunjika umeivunja wewe. Itazame halafu uniambie kama mimi mwongo.

Hizi nyingine dawa yake nimeshaipata bila wewe. Mchanga laini wa mtoni, maji kidogo, na gunia. Unasugua taratibu mpaka mkono ukuambie basi. Nimeshasugua arobaini na naona zinaanza kupata nafuu. Dada yako anasema ule mlio unamtia ganzi ya meno. Nikamwambia jirani ana viti.

Sasa nije kwenye macho. Najua ulipokuwa unazungukazunguka na mistari yako ya kupanda mlima ulitaka kufika wapi. Ngoja nikwambie kitu cha kiwandani, labda sijakwambia.

(Nimekwambia mara nyingi, lakini soma.)

Msimamizi alikuwa anachukua chupa moja yenye ufa mwembamba, ule tuliouita unywele. Anaitia nukta ya rangi nyekundu chini ya kitako, halafu anaipitisha kwenye mkanda katikati ya nyingine. Siku huambiwi. Hiyo ndiyo chupa ya mtego. Ukiiona unaitoa, unaendelea na kazi. Ikikupita inashikwa kule mbele, naye anakuja nyuma yako anakugusa bega. Hapo hakuna kubishana. Sheria yake unainuka kwenye kiti saa ile ile, unakwenda kupimwa macho, na hurudi mpaka daktari aandike. Wanaume wazima nimewaona wakiinuka machozi yanawatoka. Mimi sikuguswa bega hata siku moja. Na yule msimamizi hakuwa rafiki yangu, alinitegea kuliko wengine wote, akastaafu hajanipata.

Haya, sasa niambie habari za macho.

Mzee wa Taa


30 Machi

Mdogo wangu,

Naandika haraka, shemeji yako kaenda kutafuta mchanga. Usimwambie nimekuandikia.

Chupa hazikuwa na kitu kabla ya huo mchanga. Mimi ndiye ninayezipangusa vumbi kila Jumamosi, zilikuwa safi kama siku alizozileta. Ukungu uko kwake. Juzi aliliamkia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza mbona limenuna. Chai anamimina kando ya kikombe, halafu anasema meza imeinama. Nikimtajia kliniki ananiambia kliniki ni ya wazee. Ana miaka sabini na tatu.

Sigombani naye kwa ajili ya kikombe. Naogopa barabara. Wiki iliyopita pikipiki nusura impitie, akamtukana dereva kwamba anaendesha bila taa. Ilikuwa saa sita mchana.

Maneno yangu hayamwingii maana mimi ni mke. Wewe atakubishia, lakini barua zako anazisoma mara tatu, namwona, siku hizi anazisogeza mpaka puani. Fanya jambo.

Dada yako


6 Aprili

Shemeji,

Chupa ya wino imefika salama. Nimeitazama kwa lenzi mchana kweupe, mlangoni kwangu. Majibu utayapata, ila nataka kwanza unifanyie kazi. Na mchanga uuache mpaka tumalizane.

Ndani ya boksi hili kuna chupa mbili. Zimetoka chini ya ngazi za duka la dawa lililobomolewa hapa mtaani. Moja ya kahawia, ya dawa ya kikohozi. Nyingine ya kijani kibichi, ina mabega mapana. Zikague kama ulivyokuwa unakagua kiwandani, mbele ya taa, kwa macho. Halafu uniandikie kwa sahihi yako kama zinafaa kukaa kwenye dirisha la watu. Nikiipata sahihi nitakujibu kuhusu ile ya wino.

Fundi Saa


17 Aprili

Shemeji,

Zimefika. Kazi uliyonipa ni ya dakika mbili, hata taa haikupata moto.

Ya kahawia, mshono wake, ule mstari unaoachwa na kalibu, unakomea begani, haupandi mpaka mdomoni. Maana yake mdomo ulibandikwa baadaye kwa mkono, kwa hiyo ni ya zamani kweli hujaibiwa. Ina mistari tisa ya vipimo, nimeihesabu kwa kidole. Ya kijani ni nzito, kitako kimezama ndani kama kilivyotakiwa. Kuna gundi kidogo ya lebo imegandia pale chini, nimeiacha nisije nikakwaruza. Zote nimezizungusha mbele ya taa. Hakuna ufa, hakuna kumeguka. Ukungu upo, lakini huo tulishaujua.

Naandika kama tulivyokuwa tunaandika kwenye daftari la zamu: NZIMA, NZIMA. Mkaguzi, Mzee wa Taa.

Hiyo ya kijani nimependa uzito wake. Nimeitengea katikati ya rafu ya chini, kibao kitakaa mbele yake. Sasa leta majibu yangu, na kama una aya ya kuomba radhi itangulize.

Mzee wa Taa


25 Aprili

Shemeji,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Ile ya kijani ijaze maji mpaka shingoni, iweke juu ya gazeti, ukanywe chai. Ukirudi lipapase gazeti. Halafu mwaga maji, uigeuze, na umwombe dada akuambie kilichoko chini ya kitako. Siyo gundi.

Ile ya wino haina ukungu. Nimesoma gazeti kupitia ubavu wake, hata yale maandishi madogo ya matangazo ya vifo.

Mimi si msimamizi wako na sikuwa na haki. Lakini mkono wangu haufiki huko, ndiyo maana nimeutuma kwa posta. Samahani, shemeji.

Fundi Saa


14 Mei

Shemeji,

Nimekaa kimya karibu wiki tatu, kwa makusudi. Wiki ya kwanza nilikuwa nakutukana.

Gazeti lililowa. Nikasema dada yako kalimwagia chai. Akaniletea jingine kavu, mbele yangu, nalo likalowa. Akaigeuza chupa akasema ni nukta, nyekundu, kama punje ya mtama. Nikakaa pale mpaka jua likaondoka dirishani.

Halafu nikainuka kwenye kiti. Sikubishana. Uliweke hilo akilini, kwamba sikubishana. Nilivaa viatu nikamwambia twende.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa kabisa. Daktari mwenyewe ni binti mdogo, nikamwambia wewe kiwandani kwetu ungebeba kreti. Akacheka, akanipangia siku, akanipasua. Wamefanya la kulia. La kushoto wamesema mwezi wa nane. Na nataka ujue kwamba sikutikisika. Wenzangu walikuwa wanatetemeka kwenye benchi, mimi ndiye niliyekuwa nawatuliza. Daktari kasema hajapata kuona mzee wa namna hii.

Nimefungwa bandeji. Anayeandika haya ni dada yako na nimemwonya asipunguze neno.

Mzee wa Taa

(Sijapunguza neno. Langu pia sijaongeza. Dada.)


3 Juni

Shemeji,

Naandika kwa mkono wangu. Itazame mistari, imenyooka kama reli.

Bandeji ilipotoka nilikwenda dirishani kabla hata ya kunawa. Shemeji, ile bluu. Nilikuwa nimesahau kwamba bluu ni kali hivyo. Zile ambazo sikuzigusa zilikuwa safi, unaona mpaka ua wa jirani kupitia kwake, na nguo zake kambani. Halafu nikazitazama zile arobaini nilizosugua. Hizo ndizo zenye ukungu. Ukungu wa kweli sasa, mikwaruzo juu ya mikwaruzo, kama kioo cha dirisha la choo. Hakuna maji ya bomba wala nini. Niliutia mimi kwa mchanga wangu na gunia langu, nikijisifu. Ile yenye gololi shingoni uliyonipa mwaka niliostaafu nayo imo. Nakuomba radhi kwa hiyo moja. Nyingine zilikuwa zangu.

Na dada yako ana mvi mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka juzi, na alikuwa anajiuliza kama naona.

Nilimwendea yule mama nikamwambia zilizobaki nzuri ni nyingi, lakini zinazofaa kukaa pamoja dirishani, zinazolingana kimo na rangi, nina ishirini na sita tu. Akasema mzee, zilizokwaruzika tupange nyuma, nani ataona. Nikamwambia nitaona mimi. Basi kafungua juzi na rafu tatu zina chupa, tatu ziko tupu. Wageni wanadhani ndio mtindo.

Kibao kipo. Lakini nimemwambia lile neno "na kukaguliwa" alifute kwanza, abakize "zimekusanywa". Akashangaa, maana alijua nimelililia tangu Machi. Ni hivi. Kiwandani ukirudi kutoka kwa daktari hukalishwi mbele ya taa kwa karatasi tu. Unangojea mtego mwingine upite, ukiutoa ndipo unarudishiwa kiti.

Kwa hiyo tuma mwingine. Usiniambie siku.

Mzee wa Taa


15 Juni

Shemeji,

Ya gololi nimeshaisamehe, ingawa nilipanda ngazi mbovu kuipata.

Nakutumia moja ya kukusaidia kujaza rafu. Ni chupa ya sumu, ya bluu, ile yenye matuta ubavuni. Walizitengeneza hivyo ili mtu akiishika gizani ajue kwamba hiyo siyo dawa ya kikohozi. Niliiona kwa muuza vyuma chakavu, anawekea misumari. Nimeiosha kwa sabuni tu. Ichukue kama zawadi ya jicho.

Fundi Saa


24 Juni

Shemeji,

Nimeipata. Ulidhani utanipitisha kwa maneno matamu ya zawadi ya jicho.

Unywele. Shingoni, chini ya mdomo, sambamba na mshono, mfupi kuliko ukope wa mtoto. Nimeuona kwa jicho moja, mbele ya taa, chai yangu haijapoa. Dada yako akasema haoni kitu. Tukaijaza maji. Ilipita saa nzima, anacheka, halafu tone likachungulia pale pale nilipokuwa nimeweka kidole. Akaacha kucheka akaenda kuwaita majirani waje kulitazama.

Nukta nyekundu hukuweka. Nadhani rangi imekuishia. Nitakutumia kopo.

Fundi wa vibao ameshalirudisha neno. Nilimsimamia.

Mzee wa Taa, Mkaguzi


2 Julai

Shemeji,

Rangi haikuniisha. Mtego wako ninao hapa mezani, nimeufunga kwa karatasi, nilikuwa nimepanga kuutuma mwezi ujao ukiwa umeshasahau. Ile ya bluu ilikuwa zawadi kweli. Niliitazama kwa lenzi, mlangoni, mchana kweupe, nikaipitisha nzima.

Barua yako niliisoma nikafunga duka mapema. Mwaka huu nimerudishiwa saa sita nilizosema zimepona. Kila mteja nilimwambia ni vipuri vya siku hizi. Jana nilichukua ile ya mwalimu mkuu nikaiweka chini ya lenzi, nikahesabu meno ya gurudumu mara tatu, nikapata majibu matatu.

Sijamwambia mtu. Hata dada usimwambie.

Fundi Saa


9 Julai

Shemeji,

Inuka kwenye kiti.

Usibishane, wala usimalizie saa ya mtu. Dada yako nimemwambia, samahani, ameshafunga begi na atafika Alhamisi. Nenda naye asubuhi na mapema muwahi foleni. Chukua kofia pana. Watakutia matone yanayowasha kama sabuni, halafu ganzi. Kisu hukioni. Unaona mwanga tu, kama ile taa yangu ya kiwandani, na kama kitu cha maji kinapita mbele yake.

Ile barua ya Mei niliiongeza kidogo. Nilitikisika. Nilitikisika mpaka yule binti akasimamisha kazi akangoja, ikabidi dada yako aruhusiwe kuingia anishike mkono, na mkono huo sikuuachia mpaka tulipofika nyumbani. Pale kwenye benchi hakuna niliyemtuliza, mimi ndiye niliyetulizwa na mama mmoja muuza mkaa. Nakuambia wewe peke yako, kwa sababu na wewe utatikisika. Utadhani hakuna mwingine. Mshike mkono dada yako, ameshazoea kubanwa.

Ile ya bluu haiwezi kwenda kwenye dirisha la watu, ina ufa. Nimeiweka hapa mezani ninapoandikia, saa nne jua linaipata.

Saa za watu mpe fundi mwingine mpaka daktari aandike. Ule mtego wangu mkabidhi dada yako arudi nao, sitaki upotee. Na wewe ukipona usidhani utarudi tu kwenye lenzi yako kwa karatasi. Kuna saa moja ya ukutani nimeichagua, inatembea vizuri tu, ila ndani yake kuna kitu.

Siku sikuambii.

Mzee wa Taa, Mkaguzi